Apendiksi haisomi tangazo la serikali: vile korona ilibana upasuaji wa dharura

Mei 2020. Binamu yangu, mtu wa bodaboda steji ya Kondele hapa Kisumu, aliamka Jumanne saa moja asubuhi na maumivu karibu na kitovu. Akasema ni omena wa jana. Shangazi akampa maji moto ya chumvi, mchana akajikokota mpaka kemisti akauziwa dawa ya asidi na ya kutuliza maumivu, jioni yale maumivu yakahama, yakateremka chini upande wa kulia, ikawa hata kunyoosha mguu ni shida. Mwaka mwingine wowote tungempakia kwa pikipiki ya mwenzake tutoke mbio. Lakini mwaka huo kafyu ilikuwa saa moja usiku mpaka saa kumi na moja asubuhi, na Kondele hakuna mtu alikuwa bado hajaonja rungu la polisi au kumwona aliyeonja, basi tukasema ngoja kukuche.

Kukakucha tukaenda, Jumatano saa mbili. Alipasuliwa Alhamisi saa kumi na moja jioni. Piga hesabu mwenyewe: saa 58 tangu maumivu yaanze, 25 za nyumbani na 33 za hospitali. Apendiksi ilikuwa imeshapasuka kitambo, na badala ya kukatwa kidogo tu pale pembeni akafunguliwa tumbo katikati, likaoshwa kwa lita na lita za maji ya chumvi, akalala wodini siku 13 na paipu ya kutoa usaha imening'inia ubavuni.

Na hakuwa na korona. Majibu yalirudi negativu.

Watu wakisikia ati janga liliathiri upasuaji, wanafikiria zile operesheni zilizoahirishwa, na ni kweli ziliahirishwa, kuna makadirio ya CovidSurg, kundi la watafiti wa upasuaji wa nchi nyingi, kwamba operesheni za kupangwa milioni 28.4 zilifutwa au kusogezwa duniani katika zile wiki 12 za makali ya kwanza ya 2020. Lakini upasuaji wa dharura hakuna aliyeufuta. Hakuna waziri alisimama kwa tivii akasema mwenye tumbo lililopasuka akae nyumbani. Kilichotokea ni kitu kingine, cha polepole, ambacho hakionekani kwa hesabu za kila jioni za wagonjwa wapya: kila mlango kati ya mgonjwa na kisu ulifinywa kidogo, hapa saa moja, pale saa tano, huku usiku mzima, na ugonjwa wa dharura kazi yake ni moja tu, kuhesabu masaa.

Nilifafanuliwa haya na sista mmoja wa thieta tuliyesoma naye sekondari, na baadaye nikaanza kusoma mwenyewe manake nilitaka kujua zile saa 58 zilienda wapi.

Kwanza elewa kwa nini saa ni muhimu hivo. Apendiksi ni kijifuko chembamba kimeshikana na utumbo mpana. Kikizibwa mdomo, uchafu na bakteria vinajaa ndani, kinavimba, damu inashindwa kupita kwenye ukuta wake, ukuta unaoza, unatoboka. Baada ya kama siku moja na nusu tangu maumivu yaanze hatari ya kutoboka inapanda vibaya. Ngiri iliyonasa, ile utumbo umetoka na kukabwa shingo ukakosa damu, inaweza kuanza kufa ndani ya masaa machache tu. Mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasua mrija, mama anamwaga damu ndani kwa ndani, hapo hata saa moja ni nyingi. Mfupa uliovunjika ukatoka nje ya ngozi, hii ya bodaboda tunaijua sote, unataka antibayotiki mapema na kuoshwa vizuri thieta kabla udongo wa barabarani haujageuka kuwa usaha ndani ya mfupa. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilichagua operesheni 3 za kupima kama mahali pana huduma ya maana: kujifungua kwa upasuaji, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliotoka nje, na ikasema mtu awe anaweza kufika zinapofanywa ndani ya saa 2. Saa mbili! Kumbuka hiyo ni mwaka wa kawaida, bila gonjwa lolote.

Sasa mlango wa kwanza ni nyumbani. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, walipoandika kuhusu vifo vya akina mama walisema kuchelewa kuko mara 3: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Janga linagusa zote tatu kwa mpigo. Kuamua: sisi tuliogopa hospitali kuliko tumbo lenyewe, tulikuwa tumesikia watu wamezuiliwa karantini mpaka walipe bili, tumeona kwa tivii mtu akizikwa usiku na watu wamevaa nailoni nyeupe, nani anataka kumpeleka kijana wake huko kwa sababu ya omena? Hii haikuwa ushamba wa Kondele, nchi nyingi ziliandika kitu kilekile, wagonjwa wa apendiksi walipungua wakati wa lokdauni ya kwanza lakini wale waliofika walifika wakiwa wamepasuka kwa wingi kuliko kawaida. Kufika: kafyu, matatu zimepunguza abiria na kupandisha nauli, mwenye probox hataki kulala seli. Wagonjwa waliruhusiwa kupita, hiyo sheria ilikuwepo, lakini ruhusa ya kwa karatasi na ruhusa ya saa sita usiku mbele ya polisi ni vitu viwili tofauti kabisa. Na Machi 2021 Nakuru ilipofungiwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, mtu wa Londiani, ambayo ni Kericho, aliyezoea kukimbilia Nakuru, akajikuta mpaka wa kaunti umegeuka kizuizi cha kujieleza.

Mlango wa hospitali ndio uliniuma zaidi kwa sababu niliuona.

Kijana wa getini alimwelekezea binamu ile bunduki ya kupima joto kwa paji la uso. 38.6. "Unakohoa?" Hapana. "Umetoka Nairobi?" Hapana. Shangazi akaingilia, "Mwanangu, ni tumbo, si uangalie tu anavyotembea." Yule kijana hakuwa mbaya, alisema kwa upole, "Mama, mimi nimeambiwa joto likipita 37.5 ni kule kwa hema." Basi tukaenda kwa hema. Viti vya plastiki vimeachana mita moja moja, mtu mmoja anakohoa kweli kweli, binamu amejikunja kama mkono wa jembe, na daktari wa tumbo yuko ng'ambo ile, mwendo wa dakika tatu.

Unaona tatizo? Homa ndio dalili waliyotumia kuchuja korona, na homa hiyohiyo ndio dalili ya karibu kila kitu kinachooza tumboni. Apendiksi inaleta homa, utumbo uliotobolewa na taifodi unaleta homa, jipu la ini, kizazi kilichoingia uchafu baada ya kujifungua, yote homa. Alafu weka hapo malaria ya kandokando ya ziwa. Yaani kichujio kilichotengenezwa kukamata korona kilikuwa kinakamata kwanza watu wanaohitaji kisu, na kuwapeleka mbali na kisu. Sista aliniambia baadaye walijifunza: joto pekee halitoshi, mtu wa tumbo gumu kama ubao anapitishwa moja kwa moja, anavalishwa maski, daktari wa upasuaji anamuona hapohapo akiwa amevaa gia kamili ya kujikinga, mambo ya vipimo yanafuata nyuma. Lakini hiyo ilikuja baadaye.

Kipimo chenyewe, ile PCR ya kuchokora pua. Mashine inachukua masaa machache tu. Kilichokula muda ni safari na foleni. Kwa upande wetu sampuli zilienda maabara ya KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa tiba, pale Kisian, na si za Kisumu peke yake, magharibi nzima ilikuwa inaleta, sampuli zinangoja zijae za kupimwa pamoja, vifaa vinaisha, majibu yanarudi kesho au keshokutwa. Hospitali zikabaki na chaguo mbili tu, ama ngoja majibu huku tumbo linaoza, ama mchukulie kila mtu ana korona na uingie thieta umevaa kama mtu wa nyuki. Kwangu la pili ndilo lilikuwa sahihi tangu mwanzo, na wengi waliishia hapo, lakini linahitaji vifaa vya kuvaa kwa kila mtu kila operesheni, na Mei 2020 maski za N95 zilikuwa zinahesabiwa kama dhahabu. Vile vipimo vya haraka vya nusu saa shirika la afya duniani, WHO, liliviidhinisha Septemba 2020, vikapunguza hii kazi sana, ila binamu alikuwa ameshashonwa kitambo.

Haya, tuingie thieta yenyewe. Hapa watu wa nje hatuelewi kabisa.

Ukipewa dawa ya usingizi wa kabisa, daktari wa usingizi anakuingiza mrija kooni mpaka kwa njia ya hewa. Ile dakika ya kuingiza na ile ya kutoa, pumzi yako inatawanyika chumbani kwa vitone vidogo sana, na uso wa daktari uko sentimita chache kutoka mdomo wako. Kwa hivyo wakati huo wanabaki watu wachache tu ndani, wengine wanangoja nje ya mlango. Wangoje mpaka lini? Inategemea chumba kinabadilisha hewa mara ngapi kwa saa. Kinachobadilisha mara 15 kinahitaji kama dakika 18 kuondoa asilimia 99 ya vile vitone, cha mara 6 kinahitaji dakika 46, na chumba cha mara 2, yaani chumba tu cha kawaida chenye dirisha limefungwa na eyakondishena ya ukutani inayozungusha hewa ileile, ni zaidi ya saa 2. Ongeza kuvaa gia, mtu mmoja anakusomea hatua kwa hatua kama katekisimu, na kuvua ndio hatari zaidi kwa sababu ndipo watu hujipaka. Ongeza kusafisha chumba. Thieta iliyokuwa inafanya dharura 6 usiku mmoja inafanya labda 3. Wale 3 wengine hawajafutwa na mtu, wako tu kwa koridoo wanangoja, na yule wa tatu ni mama ambaye moyo wa mtoto wake umeanza kushuka.

Na ndani ya hizo gia, sista anasema, usikii. Maski, ngao ya plastiki, kofia, jasho, kioo kimepata ukungu, daktari anasema "forsepsi" unasikia kitu kingine. Walikuwa wanaandika kwa kibao kama watoto wa gredi ya kwanza. Wakati mwingine wote wanacheka, alafu wanakumbuka kuna tumbo wazi.

Ndio maana pia sindano ya mgongo ilipata umaarufu, unaganzishwa kutoka kiunoni kushuka chini, unabaki unapumua mwenyewe, hakuna mrija, hakuna vitone. Kwa akina mama wa kujifungua ilikuwa kawaida hata kabla. Kwa tumbo lililojaa usaha mpaka juu haitoshi. Ulaya nako vyama vya madaktari vilianza kuogopa upasuaji wa matundu, ule wa kamera, wakihofia gesi na moshi vinaweza kubeba virusi, wakarudi kukata wazi, na sista akacheka sana akisema sisi hospitali zetu nyingi za umma tulikuwa tunakata wazi siku zote, kwa hiyo hapo korona haikutupata.

Kuna swali la haki ambalo watu waliuliza: si wangempa tu antibayotiki? Swali zuri. Oktoba 2020 kulitoka utafiti wa Marekani unaoitwa CODA, watu 1,552 katika hospitali 25, nusu wakapewa antibayotiki badala ya kupasuliwa, na karibu 3 kati ya 10 ya hao wakaishia kupasuliwa ndani ya siku 90. Kwa maneno mengine 7 waliepuka kisu kwa muda huo, si mbaya, na wakati wa janga hospitali nyingi duniani zilitumia njia hiyo. Lakini soma masharti. Unahitaji picha nzuri kujua haijapasuka na haina kijiwe ndani, na unahitaji mgonjwa anayeweza kurudi mbio usiku ikibadilika. Mtu wa Nyakach ndani huko, kafyu imeanza, CT, ile mashine ya picha, iko mjini na ni ya kulipia, wewe mpe vidonge umwambie "ukizidiwa rudi". Akirudi, atarudi vipi?

Alafu kuna yule mgonjwa ambaye kweli ana korona na pia ana dharura. Huyu ndiye aliyetisha madaktari, na walikuwa na sababu. CovidSurg hao hao walifuata wagonjwa 1,128 waliopasuliwa wakiwa na virusi, nchi 24, mwanzoni kabisa mwa 2020, wengi wao wa dharura, na ndani ya siku 30 asilimia 23.8 walikuwa wamekufa. Nusu na kitu walipata matatizo ya mapafu. Hizo hesabu zilitoka sana Ulaya, kwa watu wazee, kabla ya chanjo, usizichukue uzipachike Siaya vile zilivyo. Lakini sababu yake inaeleweka kokote: upasuaji peke yake unawasha mwili mzima kama moto, mrija na mashine vinachosha mapafu, mtu amelala chali siku kadhaa hawezi kukohoa kwa sababu ya mshono, na hayo mapafu ndiyo virusi vimeyakalia. Baadaye wakapendekeza anayeweza kungoja angoje angalau wiki 7 baada ya kuambukizwa. Utumbo uliotoboka utaungojesha wiki 7 wapi?

Damu. Hii ilinishangaza. Kenya kwa miaka mingi wachangiaji wakubwa wa damu ni wanafunzi wa sekondari, lile gari la damu linaingia shuleni, watoto wanapewa soda na biskuti, painti zinatoka. Machi 2020 shule zikafungwa, zikaja kufunguka kikamilifu Januari 2021. Yaani benki ya damu ilifungiwa nyumbani pamoja na watoto. Na hapo tayari ilikuwa inachechemea kwa sababu ufadhili wa Wamarekani ulikuwa umekatika 2019. Damu haikai, painti nzima inaisha muda kwa siku 35, kwa hiyo huwezi kusema tulijaza kabla ya janga. Huku kwetu tena ina washindani, watoto wa malaria kali, watu wa selimundu, wote wanaitaka damu hiyohiyo ambayo mama wa mimba iliyopasuka anaitaka saa hii. Sista alinieleza kitu ambacho nilidhani ananitania: mimba ya nje ikipasuka na damu bado ni mbichi, wanaweza kuichota kutoka tumboni mwa mama mwenyewe kwa kibakuli safi, wanaichuja kwa gozi tabaka kadhaa, wanaitia kwa mfuko wenye dawa ya kuzuia kuganda, wanamrudishia kwa mshipa. Damu yake mwenyewe. Ni njia ya zamani.

ICU na oksijeni nitapita haraka kwa sababu hiyo mlisikia. Utafiti wa 2020 ulihesabu vitanda vya ICU 537 nchi nzima na ventileta 256, na kaunti 22 tu kati ya 47 zilikuwa na ICU. Mtu aliyeoshwa tumbo lenye sumu mara nyingi anahitaji kitanda hicho usiku wa kwanza. Juni 2021, wakati Delta, ile aina mpya ya virusi vya korona, ilipotuingilia na kaunti 13 za huku ziwani na magharibi zikawekewa kafyu ya saa moja usiku, vitanda hivyo vilikuwa na wenyewe tayari. Na oksijeni ni bomba moja: mtungi mkubwa unabeba kama lita 7,000, mgonjwa mmoja wa korona kwa ile mashine ya kupuliza kwa nguvu anaweza kuvuta lita 60 kwa dakika, mtungi umeisha kabla ya saa 2. Thieta iko upande wa pili wa bomba hilohilo.

Watu sasa. Hospitali ndogo huku mashambani, usingizi hautolewi na bingwa, unatolewa na klinikali ofisa au sista aliyesomea hiyo kazi, na mara nyingi wako wawili tu. Mmoja akikutwa na korona, mwenzake aliyekula naye chai anaenda karantini siku 14. Hapo thieta imefungwa, ina taa, ina kitanda, ina kila kitu, na mama wa kupasuliwa anapakiwa ambulansi kuja Kisumu kuongeza foleni ya wale wa koridoo. Desemba 2020 ndio kukawa kubaya zaidi, manesi na maklinikali walianza mgomo tarehe 7, madaktari wakafuata tarehe 21, wakidai vifaa vya kujikinga na bima kwa sababu wenzao walikuwa wanakufa. Siwezi kuwalaumu, na pia siwezi kumwambia aliyepoteza mtu wiki hiyo asiwalaumu.

Kitu cha mwisho ndicho kinanirudisha kwa zile operesheni za kupangwa nilizozipita pale juu kama si hoja yangu. Nilikosea kuzitenganisha. Ngiri iliyoahirishwa haikai ikingoja tarehe mpya, inakua. Faibroidi, ule uvimbe wa kizazi, inaendelea kunyonya damu ya mama mpaka siku anaanguka sokoni. Kila operesheni iliyosogezwa Machi 2020 ilikuwa tikiti ya dharura isiyoandikwa siku, na ndio sababu thieta za dharura zilibaki zimejaa hata wakati hesabu za korona zimeshuka na watu wamevua maski.

Babu yetu wa Nyahera alikuwa na ngiri ya miaka, akapata tarehe baada ya kuzungushwa sana, 6 Aprili 2020. Akapigiwa simu asije. Alikuwa na kile kikadi, akakiweka ndani ya Biblia, akawa anashikilia ngiri yake kwa kitambaa cha leso akienda shambani, ikitoka analala chini anairudisha kwa mkono. Mwaka 2021 akauliza mara mbili, akaambiwa foleni ni ndefu. Februari 2022, kafyu imeshaondolewa miezi mingi, ikatoka ikakataa kurudi. Alipasuliwa saa nane usiku, wakakata futi moja ya utumbo uliokuwa umeshageuka mweusi, na kwa fomu, pale pa aina ya upasuaji, wakaandika: dharura.